Kukunga Kanzu Si Kazi ya Dada Yako



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu,

Kila Idd inapokaribia tunaliona jambo hili majumbani. Kijana kanunuliwa kanzu, ni ndefu, inaburuta chini. Anamtupia dada yake: "Nikungie." Dada ana mtihani, ana vyombo vya futari, lakini sindano ni yake. Tukiuliza kwa nini, tunajibiwa kuwa kushona ni kazi ya kike.

Tunasema wazi: hoja hiyo haina msingi. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akaeleza kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Kijana gani wetu ni mbora kuliko yeye?

Kisha piteni Buyenzi, Bujumbura, au Nyamirambo, Kigali. Hao walioinamia cherehani barazani, si wamo wanaume tele? Basi upindo ukilipiwa ni kazi ya kiume, usipolipiwa ni wa dada! Hiyo si dini, ni uvivu uliovishwa kanzu.

Tena Mtume (s.a.w.) amewakemea wanaume wanaoshusha nguo chini ya vifundo vya miguu. Amri inakuhusu wewe. Vipi uisubirishe mpaka dada apate nafasi?

Na kazi yenyewe si ngumu. Kanzu ya pamba ifue kwanza, maana hurudi ikilowa. Ivae, mwenzio atie alama juu ya vifundo. Igeuze ndani nje, kunja nusu sentimita, kunja tena sentimita 2, pitisha pasi, kisha piga bandi. Tumia uzi wa rangi ya kitambaa. Kila hatua sindano idonoe nyuzi moja au mbili tu za upande wa nje, mshono usionekane. Usivute sana, nguo itajikunja. Ukimaliza funga fundo, fumua bandi.

Wazazi, mtoto wa kiume wa miaka 10 anaweza haya. Mpeni sindano na uzi kabla ya Idd, na dada yake mwacheni ashike kitabu. Atakayezoea kujikungia leo hatamfanya mkewe mtumishi kesho.

Wabillahi tawfiq.