Anayelisha kiboko alipwe

Hapa Giteranyi, kaskazini mashariki mwa Burundi, mashamba yetu yanapakana na mafunjo ya Ziwa Rweru. Korongo taji, ambaye sisi tunamwita umusambi, hutaga humo. Viboko nao hutoka humo usiku kula mahindi. Tangu mwaka 2013 maziwa haya ya kaskazini yanatambuliwa na Mkataba wa Ramsar. Ni heshima kubwa, lakini heshima haijazi chungu.

Burundi ina watu zaidi ya 400 kwa kila kilomita ya mraba. Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini Tanzania tunajua uzito wa kipande cha ardhi: wapo waliokuta chao kinalimwa na mwingine, wakalazimika kugawana. Kumwambia mtu huyo aache ukingo wa shamba bila kulima, bila malipo, ni kumtoza maskini kodi kwa faida ya wote.

Kenya, kwa sheria ya mwaka 2013, iliwatambua wenye ardhi wanaotenga hifadhi, ikaweka na fidia. Malipo huchelewa, lakini msingi ni sahihi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kiboko hashiki jembe. Basi gharama ya kumlisha ibebwe na taifa zima, si jirani yake peke yake.