John Brown na Deni Letu kwa Ukweli



Tarehe 2 Desemba 1859, katika mji wa Charles Town, jimbo la Virginia nchini Marekani, alinyongwa mzee wa miaka 59 aitwaye John Brown. Usiku wa tarehe 16 Oktoba mwaka ule aliongoza kikosi cha watu 21, weupe na weusi, kuteka ghala ya silaha ya serikali huko Harpers Ferry, akikusudia kuwaamsha watumwa wajikomboe. Wanawe wawili walikufa katika shambulio hilo. Tangu siku hiyo wako wamwitao shahidi, na wako wamwitao mwuaji. Sisi tuliokabidhiwa utume wa haki na amani hatuwezi kulikwepa swali hilo, kwa maana kila mara tunatakiwa kuwahukumu watu wa namna yake.

Kwanza tukumbuke ubaya aliopambana nao. Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa wapatao milioni 4. Watoto walitenganishwa na mama zao mnadani, na sheria ya nchi ikamlinda mnunuzi. Brown, Mzungu na Mprotestanti mcha Mungu, alisadiki kwamba hao ni ndugu zake. Alikula nao meza moja, na hatimaye akafa kwa ajili yao. Wengi waliomwita mwendawazimu ni watu waliouona utumwa kuwa jambo la kawaida.

Lakini upo usiku mwingine. Mnamo Mei 1856, huko Kansas, watetezi wa utumwa waliuvamia mji wa Lawrence. Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 24, Brown na kundi lake walipita nyumba kwa nyumba karibu na kijito cha Pottawatomie, wakawatoa nje wanaume watano na kuwaua kwa panga. Hakuna hata mmoja wao aliyemiliki mtumwa. Mama mmoja, Mahala Doyle, alipoteza mume na wana wawili kwa usiku mmoja. Aliwasihi wauaji wamwachie mwana wa tatu, kijana wa miaka 16, wakamwacha. Na huko Harpers Ferry, wa kwanza kufa kwa risasi za kikosi hicho alikuwa Heyward Shepherd, mtu mweusi aliye huru, mfanyakazi wa reli.

Kanisa latufundisha kwamba tendo hupimwa kwa jambo lenyewe litendwalo, nia ya mtenda, na mazingira yake. Nia njema haiwezi kuligeuza ovu likawa jema. Kwa hiyo twasema bila kusita: mauaji ya Pottawatomie yalikuwa dhambi. Na twasema vilevile bila kusita: utumwa ulikuwa dhambi kubwa mno, iliyodumu kwa vizazi, ikilindwa na mahakama. Ukweli haupatikani kwa kugawa lawama nusu kwa nusu ili pande zote ziridhike.

Ndugu, hapa ndipo penye fundisho. Mwaka 1860 rafiki wa Brown, James Redpath, alichapisha kitabu cha maisha yake akidai kwamba Brown hakuwapo Pottawatomie. Mwaka 1879 ukachapishwa ushuhuda wa James Townsley, aliyekuwa katika kundi lile, ukathibitisha kwamba Brown ndiye aliyeliongoza. Mficha maradhi kifo humwumbua. Aliyedhani analinda haki kwa kuficha damu alizaa shaka juu ya haki yenyewe. Na wale waisimuliao Pottawatomie kila siku bila kuutaja mnada wa watumwa, hao nao hudanganya, ijapokuwa kila neno lao ni la kweli.

Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alikuwa rafiki wa Brown. Mwaka 1859 alikataa kujiunga na shambulio, akamwonya kwamba anaingia mtegoni. Mwaka 1881 alisimama Harpers Ferry akatoa hotuba ya kumheshimu. Alilikataa shauri, hakumkana mtu.

Sisi Wakatoliki tusijidhani tumesalimika. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272. Mwaka uliofuata Baba Mtakatifu Gregori wa Kumi na Sita alilaani biashara ya watumwa. Yote mawili ni ya kweli, na yote mawili ni yetu. Ndiyo maana Yohane Paulo wa Pili, alipozuru kisiwa cha Gorée nchini Senegali mwaka 1992, aliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki biashara hiyo.

Basi, viongozi wa jumuiya na wanakamati wa parokia, mnapoketi na daftari kupokea ushuhuda juu ya ugomvi wa ardhi, uchaguzi au ukabila, msiandike maovu ya wapinzani peke yake. Ikiwa aliyedhulumiwa naye alichoma nyumba ya mtu, andikeni, na andikeni pia dhuluma iliyotangulia. Msimwulize shahidi kwanza ni wa upande gani. Mahala Doyle alikuwa wa upande uliotetea ubaya. Machozi yake yalikuwa ya kweli hata hivyo. Haki inayoogopa kuyaandika haijawa haki bado.