Bendi za Kanada za miaka ya 80: nani atazikumbuka redio ikihamia kwenye simu?

Tarehe 10 Februari 1985 makumi ya wanamuziki walikusanyika katika studio moja mjini Toronto, Kanada, kurekodi wimbo wa kuchangia waathirika wa njaa nchini Ethiopia. Waingereza walikuwa wameshatoa wimbo wao, na Wamarekani walikuwa wamerekodi wa kwao siku chache tu kabla. Wimbo wa Kanada uliitwa "Tears Are Not Enough", na hapa kwetu ndio uliosikika kidogo zaidi kati ya hiyo mitatu.

Walioimba siku hiyo ni pamoja na Neil Young, Joni Mitchell na Bryan Adams, majina ambayo dunia inayajua. Lakini kulikuwa pia na Paul Hyde wa bendi ya Payola$ na Lorraine Segato wa Parachute Club. Nje ya Kanada, hao ni wachache sana wanaowakumbuka. Nyumbani kwao walikuwa nyota, na nyota hiyo ilikuwa na msaada wa sheria.

Asilimia 30

Kanada inapakana na Marekani na mamilioni ya watu wake huongea Kiingereza. Kwa hiyo kituo cha redio kilichotaka kazi nyepesi kilipiga tu nyimbo za jirani. Santuri zake zilikuwa nyingi, matangazo yake makubwa, na vijana walikuwa wameshazisikia. Mwaka 1971 tume ya utangazaji, CRTC, iliweka sharti kwamba asilimia 30 ya nyimbo za redio ziwe za Kanada. Mwaka 1999 kiwango hicho kikapanda hadi asilimia 35 kwa muziki wa kisasa.

Wimbo wa Kanada ni upi? Tume iliangalia mambo manne: nani ametunga muziki, nani ameandika maneno, nani ameimba au kupiga, na umerekodiwa wapi. Mawili yakiwa ya Kanada, wimbo umepita. Mwaka 1991 kipimo hicho kilizua kioja. Nyimbo nyingi za albamu mpya ya Bryan Adams, raia wa Kanada, zilikataliwa kwa sababu alizitunga pamoja na Mutt Lange, mtayarishaji aliyezaliwa Mufulira, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kelele zikapigwa, kanuni ikarekebishwa.

Wenye vituo nao walikuwa na ujanja wao. Baadhi yao walilundika nyimbo za nyumbani alfajiri au usiku, saa ambazo wasikilizaji ni wachache, ili hesabu itimie kwenye karatasi.

Hata hivyo mlango ulifunguka. Payola$, walioandika jina lao kwa alama ya dola mwishoni, walitoka Vancouver. Neno payola ni hongo anayopewa mtangazaji ili apige nyimbo za kampuni fulani. Hebu fikiria bendi yenye jina hilo ikipeleka santuri yake kituoni! Baadaye walilibadilisha. Lakini mwaka 1982 wimbo wao "Eyes of a Stranger" ulivuma kote Kanada. Mpiga gitaa wao, Bob Rock, baadaye alitayarisha albamu ya Metallica ya 1991, moja ya albamu za roki zilizouzwa zaidi duniani. Bendi ilififia, ila ufundi uliojengwa ndani yake ulikwenda mbali.

Parachute Club wa Toronto walichanganya roki na midundo ya soka na rege iliyoletwa mjini humo na wahamiaji kutoka Karibiani. Wimbo wao wa 1983, "Rise Up", ulitayarishwa na Daniel Lanois, ambaye mwaka uliofuata alifanya kazi na U2. Agosti 2011, kwenye mazishi ya kitaifa ya Jack Layton, kiongozi wa upinzani bungeni, Segato alisimama akauimba tena. Miaka 28 ilikuwa imepita. Ukumbini na kwenye televisheni, kizazi kilichoulelewa wimbo huo na redio kiliusikia ukimsindikiza mwanasiasa kaburini.

Redio inapozima

Redio hiyo hiyo inaweza pia kunyima. Mwishoni mwa miaka ya 80 walitokea Kashtin, vijana wawili wa kabila la Innu kutoka Maliotenam, jimbo la Quebec. Waliimba kwa Ki-innu, lugha yenye wasemaji maelfu machache, na albamu yao ya 1989 ikapendwa hata na watu wasioelewa neno moja. Mwaka 1990 ukazuka mgogoro wa ardhi huko Oka kati ya watu wa kabila la Mohawk na serikali. Kashtin hawakuwa Wamohawk na hawakuhusika, lakini baadhi ya vituo vya Quebec viliacha kupiga nyimbo zao. Sheria ya asilimia haikuwakinga.

Leo wengi husikiliza muziki kwa simu. Programu huangalia ulichosikiliza jana na kukuletea kinachofanana nacho, na sharti la asilimia 35 haliigusi. Kwa maoni yangu hapo ndipo bendi ndogo zinapopata hasara kubwa, kwa kuwa mtu hawezi kutafuta jina ambalo hajawahi kulisikia.

Kanada imejaribu kujibu. Sheria mpya ya utangazaji wa mtandaoni ilipitishwa Aprili 2023. Juni 2024 CRTC iliamuru kampuni kubwa za kigeni za muziki na video mtandaoni zichangie asilimia 5 ya mapato yao ya nchini humo. Fedha hizo zilipangiwa wanamuziki, kazi za watu wa asili, na pia habari za redio katika miji midogo. Hilo la mwisho liliziudhi sana kampuni za muziki, zikiuliza kwa nini zilipie habari za wengine.

Zilikwenda mahakamani, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliruhusu malipo yao yasubiri hadi rufaa iamuliwe. Vituo vya miji midogo navyo ikabidi visubiri.