Mtihani ni mmoja, mwaka wa masomo si mmoja

Kila matokeo ya EXETAT yanapotoka, vijana wanamwagiana poda barabarani Goma, Bukavu, Beni na Uvira. Wazazi nao wanaanza hesabu yao: shule gani imepata asilimia mia, shule gani imeanguka. Prefe ambaye shule yake iko chini anaonekana kama mtu asiyefanya kazi.

Hesabu hiyo haina haki. Wazo la mtihani wa serikali ni zuri: mtoto wa Rutshuru apimwe sawa na mtoto wa Kinshasa. Lakini mwaka 2025, Goma iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari, na Bukavu katikati ya Februari. Shule zilifungwa, watoto wengi wakakimbia. Hata hivyo mtihani ulifanyika, na serikali iliwaondolea wafinalisti wa Kivu zote mbili malipo ya kushiriki. Hatua hiyo inastahili sifa. Ila karatasi ya matokeo haikusema mtoto alikosa mwalimu siku ngapi.

Kumpa kijana diploma ni kazi moja, kupima shule ni kazi nyingine. Congo inalijua jambo hilo. Mwaka 2019 ilishiriki katika PASEC pamoja na nchi zingine 13 za Afrika. Pale zilichaguliwa shule chache kwa niaba ya zote, watoto wa shule ya msingi wakapimwa kusoma na hesabu, na maswali yakaulizwa pia kuhusu walimu, vitabu na maisha ya nyumbani. Hakuna mtoto aliyerudia darasa kwa ajili ya PASEC.

Wizara ifanye vivyo hivyo na EXETAT. Itangaze asilimia za kila teritwari pamoja na siku za masomo zilizopotea, idadi ya walimu wasiolipwa na vitabu vilivyokuwepo.

Wengine watasema huko ni kuwatafutia wavivu kisingizio. Ni kinyume. Leo vita vinawafunika wote, mwenye bidii na mzembe. Siku hesabu itakapokuwa kamili, shule iliyokuwa na amani, walimu na vitabu, na bado ikaanguka, haitakuwa na pa kujificha. Na ile ya Masisi iliyofaulisha nusu ya wanafunzi wake baada ya kuhama mara mbili, itaheshimiwa inavyostahili.