BARUA YA SIFA NA KAZI YA URUBANI

Katika gazeti letu la muhula uliopita tulisoma habari nzuri za kazi ya urubani. Mwandishi alieleza kwamba Fizikia, Hesabu na Kiingereza ni masomo ya lazima, kwamba daktari humpima kijana macho, masikio na moyo, na kwamba leseni ya rubani wa biashara haipatikani kabla ya miaka 18. Yote ni kweli. Lakini liko jambo moja ambalo halikutajwa, nami naomba nafasi nilitaje, maana latuhusu sote: wanafunzi, walimu na wazazi. Jambo hilo ni barua ya sifa, yaani barua ambayo mtu humwandikia mwajiri ili kumshuhudia mwingine anayeomba kazi.

Wengi hudhani barua hiyo ni pambo tu. Kijana akipata leseni yake, hutafuta mtu mkubwa amwandikie kwamba ni mwaminifu, ni hodari, tena ana adabu. Mkubwa huandika, ingawa pengine hajui hata kijana alisoma chuo gani. Maoni yangu ni kwamba barua ya namna hiyo haimfai kijana, na katika kazi ya urubani yaweza kuwadhuru watu wasio na hatia. Barua ya sifa ni ushahidi, na shahidi hutakiwa aseme aliyoyaona, si aliyoyatamani.

Tuone kwanza shirika la ndege hutaka nini. Mwombaji hupeleka leseni, cheti cha daktari, na daftari la saa za kuruka. Katika daftari hilo kila safari huandikwa tarehe yake, ndege yake, kiwanja ilikotoka na ilikotua, na muda wake; na safari za mafunzo mkufunzi huzitia sahihi. Kwa leseni ya biashara aghalabu hutakiwa saa 200, na kwa leseni ya juu kabisa, ile ya ukepteni wa ndege kubwa za abiria, saa 1,500. Hizo ni hesabu, nazo zina faida kubwa. Lakini daftari haliwezi kusema kama kijana hukasirika akikosolewa. Haliwezi kusema kama alipokosea alikiri mwenyewe au alingoja agunduliwe. Haliwezi kusema kama ana moyo wa kumwambia kepteni wake, kwa heshima lakini waziwazi, "Bwana, tumeshuka mno." Hayo huyajua mkufunzi aliyeketi kando yake, na kepteni aliyeruka naye usiku wa mvua. Ndiyo sababu neno la watu hao lina thamani kuliko neno la mheshimiwa yeyote.

Sasa natoa mifano, ili nisionekane nasema maneno matupu. Tarehe 13 Desemba 1994 ndege ndogo ya abiria iliyokuwa ikiruka kwa jina la American Eagle ilianguka karibu na kiwanja cha Raleigh-Durham, huko North Carolina, Marekani. Walikuwamo watu 20, wakafa 15. Wapelelezi walikuta kwamba kepteni alikuwa ameonekana dhaifu kwa mwajiri wake wa kwanza, akaondoka huko, na habari za udhaifu ule hazikumfikia mwajiri mpya. Siku zile waajiri wengi waliogopa kushtakiwa, kwa hiyo wakiulizwa walijibu tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuacha, basi. Mwaka 1996 Marekani ikatunga sheria kwamba shirika la ndege, kabla ya kumwajiri rubani, liombe habari zake za miaka 5 iliyopita kutoka kwa waajiri wake, na waajiri wanaotoa habari za kweli wakapewa kinga ya kushtakiwa.

Je, hiyo ilitosha? Haikutosha, kwa kuwa sheria ile iliuliza kwa waajiri waliotajwa, na mtu aliweza kuacha kuwataja. Tarehe 23 Februari 2019 ndege ya mizigo aina ya Boeing 767, ya shirika la Atlas Air, ilianguka katika ghuba ya Trinity, karibu na Houston. Watu wote 3 waliokuwamo walikufa. Ilionekana kwamba rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akiiendesha wakati ule, alikuwa amepita katika mashirika mengine ambako alishindwa mafunzo, naye katika maombi yake hakuyataja mawili kati ya hayo. Wapelelezi waliilaumu serikali pia, maana sheria ya mwaka 2010 ilikwisha kuagiza habari za marubani wote ziwekwe katika hazina moja ya kumbukumbu, na hadi siku ya ajali kazi hiyo ilikuwa haijakamilika. Kanuni za hazina hiyo zilitolewa mwaka 2021. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo kilimuumbua mmoja, kikawachukua na wenziwe wawili.

Tena uongo wa wachache huwachafua wengi. Mwezi wa Juni 2020 Waziri wa Usafiri wa Anga wa Pakistan aliliambia bunge kwamba katika marubani 860 wa nchi hiyo, 262 walikuwa na leseni za kutiliwa shaka, kwa kuwa inasemekana wengine waliwalipa watu wawafanyie mitihani. Umoja wa Ulaya ukalizuia shirika la ndege la taifa hilo kuruka kwake, na zuio lile halikuondolewa hadi Novemba 2024. Baadaye wapo marubani walioonekana kuwa leseni zao ni halali. Lakini walikwisha kusimamishwa kazi na kutazamwa kwa jicho baya, kwa sababu karatasi ya nchi yao ilikuwa haiaminiki tena.

Hapo ndipo shule yetu inapoingia. Msidhani urubani u mbali nasi. Sheria ya Umoja wa Ulaya hutaka mtu anayepewa kitambulisho cha kufanya kazi ndani ya ndege au sehemu za ulinzi za kiwanja achunguzwe habari zake za miaka 5 iliyopita, au zaidi: kazi alizofanya, masomo aliyosoma, na kila nafasi tupu iliyo katikati. Haya, tufanye hesabu. Kijana wa miaka 21 anayeomba kazi kule, miaka 5 nyuma alikuwa na miaka 16. Alikuwa Kidato cha Tatu au cha Nne. Basi atakayeulizwa ni Mkuu wa Shule, na jibu litatoka katika madaftari yetu ya mahudhurio. Muhuri wa shule ukijulikana kuwa husema kweli, kila mtoto wetu atafaidika nao, hata yule asiye na mjomba mjini. Ukijulikana kuwa hununuliwa kwa soda na maneno matamu, hata mwanafunzi bora kabisa barua yake itawekwa kando.

Nasema haya kwa sababu maombi hayo huja. Mzazi mmoja aliwahi kunijia ofisini, mtu mwema tena wa heshima, akaniomba niandike kwamba mwanawe hakukosa shule hata siku moja, naye alikosa wiki 6 mfululizo. Nikamwambia, "Mzee, kijana aliugua, nawe ulileta karatasi ya hospitali. Kwa nini tusiandike hivyo hivyo? Aliugua, akarudi, akasoma jioni na wenzake, akashinda mtihani." Alifikiri kidogo, akakubali. Nami nasema barua ile ilikuwa na nguvu kuliko ile aliyoitaka, maana inamwonyesha kijana aliyeanguka akainuka. Mwajiri wa marubani hatafuti malaika. Anatafuta mtu ambaye akipungukiwa husema, na akisema hujirekebisha.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema: je, mwalimu au mwajiri mwenye chuki akiandika ubaya wa uongo? Hoja hiyo ni ya haki. Ndiyo maana huko Marekani rubani huruhusiwa kuzisoma habari zake zilizowekwa katika hazina ile, na akiona kosa huomba lisahihishwe. Huku kwetu pia sheria zimempa mtumishi kinga. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamlazimu mwajiri kumpa mtumishi anayeondoka cheti cha utumishi. Kenya, sheria ya mwaka 2007 yaagiza vivyo hivyo, lakini yasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kuandika habari za tabia au utendaji wa mtu. Tofauti hiyo tuishike: cheti cha utumishi ni haki yako, barua ya sifa ni hiari ya mwenye kuandika. Haki hudaiwa, hiari huipati kwa kudai, huipata kwa mwenendo wako.

Basi ninawashauri nini? Kwenu wanafunzi: anzeni leo. Yule mwalimu unayemkimbia kwa sababu hukusahihisha sana, huenda ndiye shahidi wako bora, maana amekuona ukisahihishwa. Ukipewa ufunguo wa maabara, urudishe saa uliyoahidi. Ukivunja chupa ya majaribio, sema kabla hujaulizwa. Ukifika chuo cha urubani, weka daftari lako safi, wala usiongeze hata dakika moja usiyoruka. Kabla ya kuandika jina la mtu katika maombi, mwombe ruhusa, umweleze ni kazi gani. Na ukiulizwa kama umewahi kushindwa mtihani wa kuruka, jibu kweli, kisha eleza ulifanya nini baadaye. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwetu walimu: tuandike tuliyoyaona, na yaliyo nje ya macho yetu tuyaache. Badala ya kuandika "ni kijana mzuri sana", maneno yasiyomwambia msomaji kitu, tuandike kwamba kwa miaka miwili alitunza vyombo vya maabara na hakikupotea hata kimoja. Kama hatuwezi kumsifu mtu kwa haki, tumwambie mapema atafute shahidi mwingine. Hiyo ni huruma kuliko kumwandikia barua baridi kwa siri. Tena napendekeza shule iweke daftari moja la kazi na mwenendo wa kila mwanafunzi, ambalo mwenyewe aweza kulisoma kila mwisho wa muhula, ili mwalimu anayehama asiondoke na ushahidi kichwani mwake.

Kwenu wazazi: msituombe asali mahali palipohitaji dawa. Siku moja nanyi mtapanda ndege kwenda Mwanza, au Dodoma, au kuhiji Maka. Mtafunga mikanda, mlango utafungwa, na hamtamwona anayeendesha. Mtamwamini kwa sababu mahali fulani mtu aliyemjua aliulizwa habari zake akajibu kweli. Jibu mnalotaka wengine walitoe siku hiyo, turuhusuni nasi tulitoe hapa.

Mwalimu wa Fizikia