TUMPE ALIYEACHWA NYUMA KWANZA

Wazee wetu walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Lakini darasani mwenda pole huachwa njiani, na katika hesabu huachwa kabisa! Ndiyo maana nimeshika kalamu kuzitetea programu zinazofundisha hesabu kwa kufuata mwendo wa kila mtoto.

Programu hizi hufanyaje kazi? Mtoto hupewa swali. Akilipata, hupewa gumu zaidi. Akikosa, hurudishwa nyuma kidogo: kama hajui kugawanya kwa sababu kuzidisha kulimpita, basi aanze na kuzidisha. Hagombezwi, wala wenzake hawamcheki.

Wapo wanaosema ati hayo ni mambo ya watoto wa Nairobi. La hasha! Hebu tutazame jirani zetu Tanzania. Kati ya 2017 na 2019, vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga vilipewa vishikwambi katika shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto wengi waliovitumia hawakuwa wamewahi kwenda shule. Walijifunza kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiswahili chetu hiki, na vishikwambi vilichajiwa kwa nguvu za jua. Washindi, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10 mwezi Mei 2019, na programu zao zikaachwa wazi kwa yeyote anayezitaka.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mwanzoni zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Nusu, wenzangu, si wote! Mashine ni msaidizi, mwalimu ni mwalimu. Mtoto akibahatisha jibu kati ya manne, mashine humsifu. Mwalimu humwuliza, "Umelipataje?"

Sasa turudi kwetu Isiolo. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua zilitukosa misimu mitano mfululizo. Wafugaji walihama kutafuta malisho, na watoto wakahama nao. Mtoto wa Merti au Garba Tulla akirudi baada ya muhula mzima, hukuta wenzake wamefika hesabu za sehemu, naye bado yuko kwenye kutoa. Mwalimu afanyeje? Silabasi haimsubiri mtu. Mtoto huyo si mjinga, ila masomo yalimpita akiwa na mbuzi.

Serikali ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016. Lakini kishikwambi kilichofungiwa kabatini hakifundishi mtu. Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanaotangulia kuvitumia wawe wale waliokosa masomo, si wale wanaoongoza darasa. Pili, maswali yawe katika lugha anayoielewa mtoto, maana wengi wetu hushindwa na Kiingereza cha swali kabla ya kufika kwenye hesabu yenyewe. Hapo chama chetu kina kazi ya kufanya! Tatu, matokeo yapelekwe kwa mwalimu, ajue nani amekwama wapi.

Shime, wanachama! Tuanze na shule ya msingi iliyo jirani. Jumamosi moja, vishikwambi vitano na subira vyatosha kuanzia.

Wasalaam.