Bi Harusi Unayekwenda Ulaya, Usisahau Buti



Msimu wa harusi umefika, na simu yangu haipumziki. Wasichana wanaoolewa na vijana wetu walioko Uingereza wananiuliza yale yale: nibebe makoti mangapi? Udi na mkaa nitavipata? Viungo vya pilau je? Hayo tumeshayazungumza sana. Leo nataka kujibu swali ambalo hakuna anayeniuliza: mume akishatoka kwenda kazini, wewe utashinda wapi?

Mimi nilishinda ndani. Somo wangu alinifunza kila kitu, kuanzia singo mpaka namna ya kumpokea mume mlangoni, Allah amlipe kheri. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuiona baridi, basi hakuweza kunifunza habari zake. Tulikaa Swindon, nyumba ya juu, vyumba viwili. Mume wangu akitoka alfajiri na kurudi Maghrib. Miezi saba Uingereza yangu ilikuwa jiko, dirisha na simu. Sikuwa na ugomvi na mtu, ila nilikuwa nikilia kila Jumatatu bila kujua sababu. Na ubaya wake, huna wa kumwambia, maana nyumbani wote wanaamini umeshafika.

Aliyenitoa ni jirani yangu wa chini, bibi wa Kiingereza wa miaka sabini na kitu. Alibisha hodi asubuhi moja akiwa ameshika buti za mpira, akaniuliza kama zitanienea. Nilimpigia mume wangu kumuomba ruhusa. Alicheka akasema, "Nenda, mke wangu. Hata mimi sijawahi kufika huko."

Huko ni Avebury, kijiji cha Wiltshire, nusu saa na kitu kwa basi kutoka Swindon. Sehemu ya kijiji, na nyumba zake za makuti ya Kizungu na kondoo wake, imeingia ndani ya duara la mawe lililosimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Ni duara kubwa la mawe kuliko yote duniani, upana wake zaidi ya mita 300, limezungukwa na handaki na tuta la udongo mweupe wa chokaa. Waliolichimba hawakuwa na sepetu za chuma; walitumia pembe za paa. Watu wengi wanaijua Stonehenge, ambako hutazama mawe kwa mbali ukiwa nyuma ya kamba. Avebury unatembea baina yake, unayashika kwa mkono, na hulipi kitu kuyaingia.

Nikamuuliza bibi yale mawe yanaitwaje. Akaniambia, "Sarsen." Baadaye nilisoma kuwa wanalugha wengi wanaona neno hilo limetokana na Saracen, jina ambalo Wazungu wa zamani walituitia sisi Waislamu. Huenda jiwe lililokaa peke yake katikati ya shamba, lisilofanana na mengine, lilionekana geni mno hata likapewa jina la wageni. Nilisimama pale na mtandio wangu unapepea, nikacheka peke yangu. Miezi saba naogopa kutoka nisitazamwe, kumbe jina letu liko katika ardhi ile zamani.

Basi maoni yangu ni haya, nayasema bila kuzunguka: mwanamke aliyeolewa ugenini ana haki ya kuijua nchi anayokaa, na mume aliyemleta ana wajibu wa kumsaidia aijue. Kumjua muuza nyama wa halali na duka la vitambaa hakutoshi. Mtu haoti mizizi dukani.

Najua pingamizi. La kwanza nililipata siku ile ile nilipompelekea mama picha. Akanipigia: "Mwanangu, mawe ya majahili hayo, umeyafuata nini?" Nilimjibu kwa adabu kwamba sikwenda kuyaomba. Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame walivyoishia waliotutangulia. Karibu na Avebury kuna kaburi refu la West Kennet, tuta la mita 100 lenye vyumba vya mawe, ambamo iliwekwa mifupa ya watu 36 au zaidi. Linakaribia miaka 5,700. Nimeingia ndani nikainama, kumetulia kimya. Majina ya wale watu hayajulikani hata moja. Nambie, mawaidha gani ya mauti yanazidi hayo?

Tena wenyeji wenyewe waliwahi kuyaogopa. Katika karne ya 14 walianza kuyaangusha na kuyazika, na wengi husema ni kwa hofu ya upagani. Karne za 17 na 18 wakayavunja: wanawasha moto, wanamwagia maji baridi, wanapiga nyundo, kisha wanajengea nyumba. Miaka ya 1930 tajiri mmoja, Alexander Keiller, ambaye ukoo wake ulitajirika kwa jamu ya machungwa, alinunua ardhi, akayafukua yaliyozikwa na kuyasimamisha tena. Chini ya jiwe moja ilikutwa mifupa ya mtu pamoja na mkasi na sarafu za kale. Leo hakuna anayeyavunja kwa ajili ya kanisa. Yamebaki kumbukumbu, na kumbukumbu haimpunguzii mtu imani.

Pingamizi la pili ni watu. Kweli, vijijini utatazamwa, maana baibui ni adimu. Lakini njia za miguu za Uingereza ni haki ya kila mtu. Uingereza na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma, nyingi zinapita katikati ya mashamba ya watu. Ukiona mshale wa manjano kwenye nguzo, pita. Mwenye shamba hana ruhusa ya kukufukuza, na wewe una wajibu wa kufunga geti nyuma yako ili kondoo wasitoke. Haki na adabu pamoja, si ndivyo tulivyolelewa? Wengi niliokutana nao walinisalimia kabla yangu.

Sasa ya kubeba. Maji ya udhu na msala mwepesi. Qibla huko ni kusini-mashariki, siyo kaskazini kama kwetu. Mimi nimesali Adhuhuri kando ya njia inayoelekea Silbury, kilima kilichorundikwa kwa mikono ya watu, na hakuna aliyenisumbua isipokuwa upepo. Kilima chenyewe hairuhusiwi kukipanda. Desemba jua linatua karibu saa kumi, basi toka mapema. Chukua chai ya tangawizi kwenye chupa na maandazi, usitegemee kupata chakula cha halali kijijini. Na mbwa, dada zangu, wapo kila njia. Mwambie mwenyewe mapema amshike, na ubebe doti ya kanga ya akiba usije ukarukiwa. Siku za mwanzo usiende peke yako. Tafuta mwenzio, au mkumbushe mume kuwa siku ya mapumziko si ya kulala tu.

Sisemi kutembea kunatibu kila kitu. Kama unadhulumiwa, kimbilia msaada, si malishoni. Lakini kwa upweke wa kawaida, ule wa bi harusi aliyepelekwa mbali na mama yake, mimi sijaona dawa kama matope ya njia ya shamba na mtu wa kuongea naye.

Mwaka jana nilipokuja likizo, nilimchukua mume wangu mpaka Kizimkazi, tukaingia msikiti wa Dimbani na kutazama maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Nimekulia kisiwa hiki, na ilikuwa mara yangu ya kwanza. Ilinibidi nifunzwe kutembea ugenini ndipo niione ya kwetu.

Basi bi harusi, katika sanduku lako, chini ya makanga na udi, acha nafasi ya buti. Na kama hazikuenea, ukifika bisha hodi kwa jirani.